Shangazi, nikimwogesha mbwa mama mkwe ananuna, nisipomwogesha anajikuna usiku kucha

Shangazi shikamoo, natumai wewe na wote wa nyumbani mko salama. Naomba jina langu usilitoe maana hapa Walukuba tunajuana wote, ukipika samaki mlango wa kwanza, mlango wa mwisho wanajua ni sangara au ni sato.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa hapa Jinja kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi, kauwa kadogo mbele na bomba tunachangia na majirani. Mume wangu ni dereva wa trela, anapeleka mizigo Juba, na foleni ikimkamata pale Elegu basi tena, tunabaki kusikia sauti tu kwa simu. Sisi ni Waislamu, nakutajia mapema kwa sababu hapo ndipo shida yangu ilipokaa.

Mbwa alikuja kwa sababu ya wezi. Walianza na kuku, wakaja kubeba betri ya gari la jirani, usiku mwingine wakang'oa kitasa chetu sisi tumelala fofofo. Baba watoto akasema sasa imetosha, akaenda Bugembe kwa rafiki yake akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya boksi la sabuni, akamkabidhi kijana wetu wa miaka tisa, halafu yeye huyo akapanda trela yake akaenda. Aliyebaki na Jimi ni mimi. Si mbwa wa mbegu, ni hawa wetu waliochanganya changanya, manyoya mafupi ya rangi ya chai ya maziwa, kifua cheupe, sikio moja limesimama lingine limelala. Lakini tangu amekua wezi hatujawaona tena, hilo lazima niseme.

Sasa mimi nimelelewa kwamba kiumbe ukikaa naye awe msafi. Kila Jumamosi asubuhi namwogesha Jimi kwenye beseni la bluu, natia sabuni ya kipande, nadondoshea na ile dawa ya kahawia ya kuua vijidudu, namsugua na brashi ya kufulia nguo mpaka povu linakuwa jeusi. Lakini Shangazi kadiri ninavyomwogesha ndivyo anavyozidi kujikuna, mgongoni ana mba nyeupe, na nywele zinatoka hizo, fupi lakini zinajichomeka kila mahali, kwenye godoro, kwenye sare za shule, kwenye mswala. Kupe nawatoa masikioni na katikati ya vidole nikidhani nimemaliza, wiki ijayo wako pale pale. Tumboni ametoka majipu mawili yana katundu katikati. Kucha zake ni nyeusi na ndefu, akitembea kwenye simenti unasikia ta-ta-ta, lakini nikimshika mguu ananguruma, na juzi kijana wangu alikuwa amemshikilia kichwa nikate, mbwa akatoa meno. Nikaacha.

Haya. Mama mkwe amekuja kutoka Bombo kwa ajili ya macho, ana mtoto wa jicho, anasubiri kupangiwa upasuaji. Mama ni mtu mzuri, sitamsingizia, watoto wangu wote waliozaliwa aliwaosha yeye. Ila tangu aingie hapa imekuwa kesi ya mbwa. Siku ya kwanza tu aliniita akiwa kwenye mswala akaniambia, "Mwanangu nywele za mbwa wako nazitoa mpaka mdomoni, mimi nitaswali vipi?" Nikafagia. Siku nyingine dada wa kazi alirundika mabeseni yote pamoja pale bombani, Mama akachukua la bluu akatilia maji ya udhu. Alipojua ni la nani, Shangazi, zilipigwa kelele mpaka mwenyekiti wa LC, yaani wa mtaa, akachungulia. Akasema beseni la mbwa lisikae na vyombo vya watu, na maji ya kumwogeshea yasipite mbele ya mlango wake. Sasa Jumamosi akisikia tu jerikeni linaburuzwa anajifungia ndani mpaka mchana, nikimpelekea chakula anasema ameshiba. Kilichoniuma zaidi nilimsikia kwenye simu akimwambia wifi yangu kwamba nyumba ya mwanawe imekuwa ya mbwa.

Dada wa kazi kasema yeye mbwa hamgusi, akiogopa kuambiwa anasafisha vyombo na mkono huo huo. Shemeji yangu ana ng'ombe kule Kayunga, anasema nimpelekee Jimi ampige pampu ya dawa ya ng'ombe mara moja, kupe kwisha, au nikitaka nimwache huko huko moja kwa moja. Rafiki yangu wa Kampala kasema kuna mahali wanawaogesha na kuwachana mbwa vizuri, nikauliza bei, ni posho ya nyumba yangu ya wiki nzima na bado nauli. Mume nikimpigia ananijibu, "Fanyeni mnavyoona, mimi niko barabarani." Siku nyingine alisema mnyoeni manyoya yote tuishi kwa amani. Kijana naye kasema Jimi akienda na yeye anaenda, na analia kweli.

Shangazi, nimtoe mbwa ili nimpate mama mkwe? Au nishikilie mbwa na nionekane mkwe asiye na adabu? Na akibaki, namsafishaje bila kuvunja nyumba? Halafu hiyo ya kumnyoa ni sawa?

Mama wa Walukuba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa hizo Jumamosi. Barua yako nimeisoma, nikaweka chini, nikaisoma tena, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani naulizwa kati ya mbwa na mama mkwe, mara ya pili nikaona hilo swali umelileta wewe mwenyewe, hakuna mtu mwingine kwenye hiyo barua aliyelileta hivyo.

Hebu turudi kwenye maneno ya Mama kama ulivyoyaandika. Alisema nywele zinamfikia mdomoni akiwa kwenye swala. Akasema beseni la mbwa likae mbali na vyombo vya watu. Akasema maji yasipite mlangoni kwake. Ni mambo matatu, na yote matatu yanahusu namna mbwa anavyosafishwa. Mahali aliposema mtoe mbwa mimi sikupaona. Lile la simu na wifi yako linauma, najua, lakini maneno ambayo mtu anamwambia binti yake usiku akiwa amechoka si lazima yawe ombi kwako. Inawezekana kweli anataka mbwa aondoke na anaona haya kusema kwa vile mwanawe ndiye aliyemleta. Inawezekana pia alisema anachotaka tangu siku ya kwanza, ukafagia, na Jumamosi iliyofuata akasikia jerikeni tena. Wewe uko naye hapo, mimi niko mbali, utajua zaidi yangu, ila ningetamani umuulize wewe mwenyewe badala ya kukisia.

Na kuna jambo moja umelitaja ukapita haraka, hayo macho. Mtu mwenye mtoto wa jicho anaona kama kuna ukungu, mwanga wa jua unamchoma, kitu cha rangi ya chai kilicholala kwenye udongo wa rangi ile ile hakioni mpaka akikanyage. Jumamosi uwa umelowa, kuna povu, kuna mbwa mwenye hasira ya sabuni anajikung'uta, na Mama hajui mbwa yuko upande gani. Mama anajifungia. Huenda ni najisi, huenda ni kununa, na huenda anaogopa tu kuteleza au kuumwa, na mzee kama yeye hawezi kulisema hilo mbele ya wajukuu. Usimchukulie kwamba ni moja tu kati ya hayo.

Sasa upande wa Jimi, na hapa nitakaa kidogo maana nadhani hapa ndipo nyumba yako inapoweza kupumua. Mwanangu, unamwogesha kupita kiasi. Mbwa wa manyoya mafupi ngozi yake inatoa mafuta yake yenyewe yanayoilinda, na ngozi ya mbwa si sawa na yetu, haina ukali wa asidi kama ya binadamu, kwa hiyo sabuni ya kipande inaikausha vibaya sana na ile dawa ya kahawia ndiyo inamalizia. Unaona mba, unadhani ni uchafu, unaongeza sabuni, anazidi kujikuna, na nywele zinazidi kutoka. Siwezi kuapa kutoka huku kwamba sababu ni hiyo peke yake, kwa sababu kupe, viroboto na ukurutu navyo vinafanya mbwa ajikune, ila ningeanzia hapo, kwa vile kuacha ni bure. Mbwa kama huyo akiogeshwa mara moja kwa mwezi, hata kila miezi miwili au mitatu kama hajajigaragaza kwenye mtaro, inamtosha. Na iwe shampuu ya mbwa, maduka ya dawa za mifugo wanazo, kachupa kamoja kanakaa muda mrefu kwa mbwa wa saizi hiyo. Maji ya vuguvugu, usimimine masikioni, na suuza mpaka maji yatoke safi kabisa kwa sababu sabuni inayobaki kwenye ngozi nayo inawasha.

Kinachopunguza nywele ni brashi, tena mbwa akiwa mkavu. Achana na brashi ya nguo. Tafuta ile ya mpira yenye vinundu au glavu ya mpira yenye vinundu, unampitishia kufuata manyoya yanavyolala, kuanzia shingoni kwenda mkiani, polepole, dakika chache tu, mara mbili tatu kwa wiki. Utashangaa, mbwa wa manyoya mafupi anatoa nywele mwaka mzima, na zile ungezifagia kwenye mswala wa Mama zinabaki mkononi mwako. Mtoe nje ya uwa kabisa, simama upande ambao upepo unapeleka nywele mbali na milango, ukimaliza zikusanye uzitupe. Mwanao wa miaka tisa hiyo kazi anaiweza na mbwa wengi wanaipenda, wanalala kabisa.

Unaona nilipokuwa naelekea? Mbwa mkavu anayechanwa nje ni mbwa asiye na beseni, asiye na maji ya kupita mlangoni, na asiye na nywele kwenye mswala. Yale matatu ya Mama yanapungua na ngozi ya Jimi inapona, kwa kazi ndogo kuliko unayofanya sasa. Na hata kwa upande wa dini, mimi si sheikhe na sitajifanya, lakini ninachokijua ni kwamba kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata, tatizo kubwa linakuja pakiwa na unyevu, mate au mwili uliolowa, ndipo wanasema paoshwe mara saba na moja iwe kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakihamishi. Madhehebu ya Maliki wao wana msimamo mwepesi zaidi kuhusu mbwa mwenyewe. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa kuruhusiwa kwenye hadithi, na wanazuoni wengi wanamweka wa ulinzi hapo hapo. Mwambieni imamu wenu awaeleze vizuri, tena ikiwezekana aende Mama na mwanawe pamoja, asikie na kuuliza yeye mwenyewe. Usiende wewe ukarudi na fatwa mfukoni, maana hata ukiwa sahihi itasikika kama umeenda kumshtaki. Na ile hadithi ya mtu aliyempa mbwa maji kwa kiatu chake akasamehewa, nzuri sana, ila usimsomee Mama, anaijua kabla hujazaliwa.

Beseni, ningekushauri ulitenge kweli, lichorwe alama kubwa ya rangi ambayo hata jicho lenye ukungu linaiona au mkono unaihisi, lifungiwe huko kwenye banda la mbwa lisikanyage bombani tena. Hilo dogo lakini Mama alitiwa aibu mbele ya LC na majirani, na nadhani hajawahi kuambiwa pole kwa hilo. Sisemi kosa ni lako. Pole haihitaji mwenye kosa.

Shemeji na pampu yake. Hapa mwanangu naomba unisikilize kwa makini, maana najua ana nia njema na najua ng'ombe wake wamenawiri. Dawa nyingi za kupe wa ng'ombe zina amitraz, sumu ya kuua kupe, nyingine ni za kundi kali zaidi, na kipimo cha mnyama wa kilo mia tatu si kipimo cha Jimi. Tena wafugaji wengi siku hizi wanazidisha dawa au wanachanganya mbili kwa sababu kupe wa Uganda wamezizoea. Ng'ombe anakauka juani, mbwa anajilamba mwili mzima. Akizidiwa anaanza kutoa udenda, anayumba, anatapika, anasinzia ovyo au anatetemeka, na kijana wako ndiye atakayekuwa amemkumbatia. Zipo dawa za mbwa zenye kipimo chake, za kudondoshea shingoni, za kumeza, za mkanda, na daktari wa mifugo akimpima uzito atakwambia ipi. Kama nyumbani kuna paka sema mapema, kwa sababu zipo dawa za mbwa zinazoua paka.

Na kwa nini kupe wanarudi? Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, akishiba anashuka, anapanda ukutani, anaingia kwenye nyufa na kutaga huko mayai kwa maelfu. Hizo nyumba zenu za zamani nyufa zinazo. Kwa hiyo unawatoa sikioni wanaokuja kula, na ukoo wao uko ukutani unasubiri zamu. Gunia analolalia lichome moto, banda lifagiliwe mpaka pembeni, nyufa zizibwe na simenti, na umuulize daktari dawa ya kunyunyizia banda. Kupe ukimkuta usimpake mafuta ya taa wala kumchoma, mkamate na kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja bila kumzungusha, umtie kwenye spiriti. Usimpasue na kucha. Hawa wanabeba homa, mbwa akiacha kula, fizi zikawa nyeupe au pua ikatoa damu, hapo ni daktari siku hiyo hiyo.

Yale majipu yenye katundu kwa maelezo yako yanafanana sana na yule nzi wa embe, huku kwetu anajulikana. Anataga kwenye mchanga wenye mkojo au nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, kifunza kinatoka kinaingia kwenye ngozi. Paka vaselini nene juu ya katundu ukizibe, baada ya muda kinatafuta hewa kinajitokeza, ndipo unakiminya taratibu pembeni kitoke kizima, kikipasukia ndani kinaleta uvimbe mbaya. Yakiwa mengi au yana usaha usijaribu. Na watoto hawakipati kwa kumgusa Jimi, wanakipata alikokipata yeye, kwa hiyo nguo za nyumba nzima anika juani na upige pasi pande zote, hata zile za ndani.

Kucha sasa, na kunguruma. Umesema mbwa alitoa meno ukaacha, na hapo uliacha vizuri. Kunguruma ni mbwa anakwambia naumia au naogopa, usimpige kwa hilo, akijifunza kunyamaza siku nyingine ataruka moja kwa moja. Lakini mwanao asishike tena kichwa, sura yake iko sawasawa na mdomo wa mbwa, na watoto wakiumwa mara nyingi ni usoni. Anza kwa kumgusa mguu tu akiwa anapumzika, mpe mukene (dagaa) mmoja, basi, umwache. Kesho hivyo hivyo. Akizoea kata kucha moja, ncha tu, siku hiyo imeisha. Ndani ya kucha kuna mshipa wenye damu na fahamu, kwenye kucha nyeusi huuoni, ndio maana unachonga kidogo kidogo. Ikitoka damu bana na unga laini wa ngano kwa dakika kadhaa itakata. Usisahau ile kucha ya pembeni juu ya mguu, haigusi chini kwa hiyo haiishi yenyewe, inajikunja na kuingia kwenye nyama. Nyingine akitembezwa kwenye lami na changarawe zinajisaga.

Halafu kwenye barua ndefu yote hiyo sikuona neno chanjo. Ina maana Jimi amechanjwa, au haikukujia kuandika? Chanjo ya kichaa cha mbwa inaanza akifika miezi mitatu na kwetu inarudiwa kila mwaka. Watu wanaokufa kwa kichaa duniani, hadi 99 kwa kila 100 wameambukizwa na mbwa. Mbwa akimuuma au hata kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mbwa wenu na mnampenda. Ofisi ya mifugo ya wilaya waulize wanachanja lini. Hili kwangu linatangulia shampuu.

Haya, tuje kwenye njia ulizozitaja. Kumpeleka Kayunga inawezekana, na kama nyumba inashindikana kweli si dhambi, mbwa wengi wanaishi vizuri shambani. Ila jiulize ataishi huko vipi, amefungwa mnyororo au huru, nani atamchanja, na ile pampu itamsubiri. Jiulize pia kijana atasema nani alimwondoa Jimi. Naogopa atasema ni bibi, na Mama atarudi Bombo na macho mapya na mjukuu aliyenuna, na yeye mbwa hakuomba aondoke. Na wezi wa Walukuba nao wana macho.

Kampala kwa ajili ya kuchanwa sioni haja, ni kilomita kama 80, makondakta wenyewe unawajua wakiona mbwa, na manyoya mafupi hayana kinachohitaji fundi. Hela hiyo ingenunua brashi, shampuu na dawa ya kupe. Kama ngozi haiponi baada ya kuacha sabuni hapo safari ina maana, Makerere kuna chuo cha madaktari wa mifugo wanaowatibu hata mbwa, lakini anza na wa hapo Jinja.

Akibaki kwa utaratibu mpya, nayo ina hatari yake, kazi yote itabaki begani kwako, na Mama anaweza kuona umemzunguka kwa ujanja, mbwa kabaki na yeye kanyamazishwa. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote nenda ukae naye, siku isiyo Jumamosi, umuulize, "Mama, Jimi akae wapi na asafishwe saa ngapi ili wewe upate nafasi yako?" Mpe kazi ya kuamua kitu. Akisema hataki kumwona kabisa, utakuwa umesikia kwake na si kwa simu ya wifi, na mtaongea kutoka hapo. Dada wa kazi mwache nje ya hili, hakuajiriwa kwa mbwa na woga wake una maana.

Baba watoto naye. Mwanangu, ukimpigia mtu aliye Elegu foleni na jua ukamwambia "mama yako na mbwa", atajibu fanyeni mnavyoona, hata mimi ningejibu hivyo. Mpe swali dogo lenye jibu. Mwambie, nahitaji utume hela ya chanjo na ya simenti ya banda, na ukirudi umpeleke Mama kwa imamu. Mbwa alimleta yeye. Huenda hajui kama umebeba peke yako, huenda anajua na anakwepa, utalijua kwa jibu atakalotoa. Ila usimtume akamgombeze mama yake kwa niaba yako, hiyo ukiianza haina mwisho.

Umeuliza kumnyoa. Hapana, kwa mbwa wa manyoya mafupi kunyoa hakusaidii. Nywele zitaendelea kutoka, safari hii fupi zaidi na ngumu kufagia, na ngozi itabaki wazi kwa jua, hasa hicho kifua cheupe ambacho chini yake ngozi ni ya waridi na inaungua haraka. Nzi na mbu nao watapata mlango. Daktari akisema anyolewe mahali kidogo kwa sababu ya kidonda sawa, lakini mwili mzima mwambie Baba watoto mashine aiweke, atafute brashi ya mpira huko njiani akirudi.